Utangulizi wa Elimu ya Uchakavu: Jinzi za Sanamu Ndogo, Tukianzia Kamina

Elimu ninayokukaribisha ina jambo moja la kufundisha: namna ya kuichukua suruali ya jinzi yenye urefu wa sentimita 17 hivi, iliyoshonwa kwa ajili ya sanamu yenye kimo cha sentimita 30, na kuifanya ionekane imevaliwa miaka mingi na mtu mwenye kazi yake. Rangi ipauke pale inapostahili kupauka, goti litune, upindo ulike nyuma ya kisigino, grisi ibaki pajani. Kitendo chenyewe nitakiita uchakazaji. Maarifa yanayokiongoza nitayaita elimu ya uchakavu, nayo ndiyo hasa ninayotaka uingie, kwa sababu mikono ya kuchakaza ni mingi kuliko macho ya kusoma nguo iliyochakaa.

Naandika nikiwa Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami. Mji huu haujulikani kwa sanamu za wakusanyaji. Una kitu kingine ambacho mkusanyaji wa Hong Kong au wa Chicago hukitafuta kwenye picha: watu wanaovaa jinzi kazini, wakazifua kwa mkono, wakazianika juani, wakazipiga pasi ya makala, wakazitia viraka na kuzivaa tena. Hoja yangu ni kwamba kila alama kwenye nguo ndogo lazima iwe na chanzo chake katika maisha ya mvaaji, na chanzo hicho hujifunzwa kwa kutazama suruali za watu halisi kabla ya kugusa msasa. Mengine yote yatakayofuata yanatoka hapo.

Ufundi wenyewe ulizaliwa mbali. Mwaka 1959 kampuni ya Mattel ya Marekani ilimtoa Barbie, mwanasesere wa sentimita 29 hivi. Mwaka 1964 Hasbro ikamtoa G.I. Joe, askari wa kimo kinachokaribiana na hicho, na katika wale wa kwanza alikuwamo baharia mwenye shati na suruali ya kazi ya buluu. Nguo hizo zilikuwa mpya na nyoofu, na hapakuwa na ubaya, maana zilikuwa za watoto kuchezea. Watoto wenyewe walizichakaza bila kufundishwa. Mambo yaligeuka watu wazima walipoanza kukusanya. Mwaka 1999, Hong Kong, msanii Michael Lau alionyesha sanamu zake za Gardener, vijana wa mtaani waliovishwa mavazi ya mtaani kwelikweli. Mwaka huohuo kampuni ya Dragon ikaingia katika askari wa kipimo cha moja kwa sita, na mwaka 2000 ikaanzishwa Hot Toys. Sura za sanamu zikawa na vinyweleo na mikunjo ya ngozi, na hapo nguo ndiyo ikabaki kusema uongo: uso wa mtu wa miaka hamsini juu ya suruali isiyowahi kukaliwa. Wachakazaji wakaazima maarifa kwa mafundi wanaozeesha mavazi ya filamu na tamthilia, na kwa watu wanaounda vifaru na treni ndogo. Hadi leo elimu hii ina wazazi hao wawili, na utaona wanavyogombana: mmoja anafikiri kwa nguo, mwingine anafikiri kwa rangi. Mimi niko upande wa nguo.

Basi tuijue nguo. Ribiti za shaba zinazokaza mifuko zilipewa hataza Marekani tarehe 20 Mei 1873, kwa jina la Jacob Davis, fundi cherehani, na Levi Strauss, mfanyabiashara aliyemuuzia vitambaa. Lakini tabia ya jinzi haiko kwenye ribiti. Iko kwenye uzi. Kitambaa cha jinzi kina nyuzi za mtande, za urefu, zilizotiwa nili na nyuzi za mshindio, za kukatiza, zilizoachwa nyeupe, na kila uzi wa mtande hupita juu ya nyuzi tatu za mshindio kisha chini ya moja. Ndiyo maana mbele ni buluu na nyuma ni kweupe, na ndiyo maana kuna ile mistari ya mshazari. Nili haiyeyuki katika maji. Lazima ibadilishwe kwanza katika pipa lisilo na oksijeni, ambamo hugeuka manjano yenye ukijani. Uzi ukichovywa na kutolewa, hewa huirudisha kuwa buluu. Uzi huchovywa na kupeperushwa mara kadhaa, na kila mara rangi hujilimbikiza nje bila kufika ndani. Ukikata uzi mmoja wa mtande na kuutazama kwa lenzi, utaona pete ya buluu imezunguka kiini cheupe.

Pete hiyo ndiyo inayoifanya jinzi iwe daftari. Mahali popote paliposuguliwa, buluu huondoka kwanza na weupe hutokea, kwa kiasi kilekile cha msuguano. Kitambaa kilichotiwa rangi hadi moyoni hakifanyi hivyo. Kikisuguliwa kinakonda tu, kisha kinatoboka. Kwa hiyo jaribio la kwanza la mwanafunzi ni dogo sana: chomoa uzi mmoja, ukwaruze kwa ncha ya sindano, uone kama kuna weupe ndani. Kama hakuna, rudisha kitambaa hicho kwa mwenyewe. Hakuna msasa utakaokusaidia.

Wasomaji wa Kiswahili hawahitaji kutambulishwa kwa nili kama mgeni. Kabla Adolf von Baeyer, mkemia wa Ujerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1905, hajafungua njia ya nili ya maabara, na kabla BASF haijaanza kuiuza mwaka 1897, kaniki yenye buluu iliyokolea ilikuwa ikisafiri na misafara kutoka pwani kuingia bara, bega kwa bega na kitambaa cha merikani kisichotiwa rangi. Mpelelezi Mwingereza Verney Lovett Cameron, alipofika nchi hii ya Waluba mwaka 1874 wakati wa utawala wa Kasongo Kalombo, alimkuta huko mfanyabiashara wa pwani aliyejulikana kwa jina lililobeba kitambaa hicho, Juma Merikani. Pamba ya kigeni, basi, ina umri mrefu katika nchi hii, na macho ya kuitazama yapo.

Sasa tuje kwenye ugumu mkubwa wa fani hii, ambao wengi huupita haraka: kipimo. Katika kipimo cha moja kwa sita, mtu wa sentimita 180 anakuwa wa sentimita 30. Ribiti ya milimita 9 inakuwa ya milimita 1.5. Mshono wa kawaida wa jinzi, ambao kila hatua yake ina urefu wa milimita 3 hivi, unapaswa kuwa na hatua ya nusu milimita, na cherehani ya kawaida haiwezi kushona hivyo bila kukata kitambaa kama stempu. Jinzi nzito ina nyuzi za mtande zisizopungua 25 kwa sentimita. Sanamu ingehitaji zaidi ya 150, na hakuna mtu anayefuma kitu kama hicho. Kwa hiyo nguo ndogo ni kauli ya karibu-karibu tangu mwanzo, na fundi anachagua lipi litimie na lipi lisamehewe.

Kisichosameheka ni namna kitambaa kinavyoanguka. Chukua kitambaa kilekile cha suruali ya mtu mzima, ukikate kwa sehemu ya sita ya urefu na sehemu ya sita ya upana. Uzito wake umebaki sehemu moja kati ya 36, ila ukaidi wake wa kukunjika uko palepale. Ndiyo maana suruali nyingi za sanamu husimama kama mabomba. Hazikosi ushonaji mzuri. Zimekosa uzito wa kuzivuta chini. Tiba ni kitambaa chepesi sana, na kinachofaa zaidi ni kile cha mashati ya jinzi au nguo za watoto wachanga, ambacho kimefumwa wazi kwa uzi mwembamba na bado kina ile pete ya nili. Kwenye marobota ya mitumba vitu hivyo havikosekani, na kilichofuliwa mara nyingi ni bora kuliko kipya, kwa kuwa ukaidi umeshatolewa na mikono ya wengine. Mtu wa Kamina ana nafuu hapa kuliko mtu anayeagiza kitambaa kipya kwa posta.

Nafika sasa mahali ninapopapenda: kusoma suruali.

Kwamba suruali husomeka si maneno ya washairi. Mwaka 1996 katika eneo la Spokane, Marekani, benki ziliporwa na watu waliojifunika nyuso. Picha za kamera zilionyesha suruali zao za jinzi. Richard Vorder Bruegge, mtaalamu wa picha wa FBI, alilinganisha mishono ya suruali hizo na suruali zilizokamatwa, na mwaka 1999 akaeleza njia yake katika jarida la kisayansi. Kwenye mshono wa pembeni kitambaa hujikunja katika vilima na mabonde madogo, kwa sababu mkono wa mshonaji hauvuti tabaka zote sawasawa. Vilima husuguliwa vikapauka, mabonde hubaki na rangi. Kwa hoja yake, mpangilio huo wa vipande vyeupe na vya buluu haufanani na wa suruali nyingine. Mchakazaji wa sanamu anayepaka weupe kwa mstari ulionyooka kando ya mshono anakosea jambo ambalo mahakama ililichukulia kwa uzito.

Kamina ni mji wa reli. Njia ya kampuni ya BCK kutoka Bukama hadi Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, ilikamilika mwaka 1928. Mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo likaunganisha mji huu na upande wa Ziwa Tanganyika. Mwaka 1974 shirika la reli likawa SNCZ, na leo jina lake ni SNCC. Mtazame basi fundi anayefanya kazi ya kuinama chini ya behewa. Anapiga goti moja, si mawili, na karibu kila mara ni lilelile. Goti linapokunjwa kitambaa hupanda juu, kwa hiyo sehemu inayogusa kokoto siyo ile inayolala juu ya goti anaposimama. Akisimama, lile doa jeupe linashuka na kutulia sentimita kadhaa chini ya kifuniko cha goti. Katika sanamu ni tofauti ya nusu sentimita tu, lakini ndiyo inayotenganisha tundu lililopatikana kwa kazi na tundu lililokatwa kwa mkasi. Sanamu nyingi za bei kubwa nilizoziona kwenye picha zina tundu katikati kabisa ya goti, na magoti yote mawili sawia.

Mikono nayo ina mahali pake. Mwenye kutumia mkono wa kulia hujifuta grisi kwenye paja la kulia, nje kidogo, chini ya mdomo wa mfuko, na hufuta kwa kushuka. Alama huwa nzito juu na hufifia chini. Mfuko ambamo funguo au spana hukaa huacha umbo lake kwa weupe, kingo kwanza. Mwendesha baiskeli, ambayo kwetu tunaiita kinga, ana weusi wa mnyororo upande wa ndani wa mguu wa kulia, maana mnyororo uko kulia; akikunja upindo ili usinaswe, sehemu iliyojificha ndani ya mkunjo inabaki na buluu nzito, na siku akiukunjua unaona mkanda wa rangi ya zamani kama nguo mbili zimeunganishwa. Anayesukuma magunia ya makala ana vumbi jeusi kwenye nyonga ya upande anaosukumia, nalo haliketi juu ya kitambaa kama rangi. Linaingia katika mifereji ya mshazari na kujaa kando ya nyuzi za mshono.

Kuna alama moja ambayo ningependa wasomaji wangu waichukue kuwa yao. Ni mstari mweupe unaoshuka mbele ya mguu, kutoka pajani hadi upindo, ukakatika kidogo penye goti. Ni mstari wa pasi. Kwetu jinzi hupigwa pasi hadi ipate ncha, na sababu si urembo peke yake. Katika Kongo, Uganda, Tanzania na Zambia yuko nzi ambaye wanasayansi wanamwita Cordylobia anthropophaga. Hutaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje. Funza wake akigusa ngozi hupenya, na baada ya siku chache mtu ana kile kinachofanana na jipu, na ndani yake kuna kiumbe hai. Joto la pasi huyaua mayai kabla nguo haijavaliwa. Mama anayepiga pasi suruali ya mwanawe pande zote mbili, pamoja na mishono, anaikinga ngozi ya mtoto. Na kila Jumapili, mwaka hata mwaka, ukingo uleule wa kitambaa hukandamizwa na chuma cha moto, nao ndio husuguliwa kwanza mtu akitembea, hadi pete ya nili inaondoka kwenye mstari mwembamba kama uzi. Pasi huacha pia mng'ao juu ya kingo za mifuko na mahali mishono minne inapokutana. Kwetu, sanamu yenye alama hizo ina kwao. Inatoka nyumbani kwa watu wanaomjua nzi huyo.

Jua nalo ni mwandishi, na mkono wake ni tofauti. Msuguano hupausha vilima. Jua hupausha uwanda wote uliolielekea. Suruali iliyoanikwa kwa miaka kwenye waya uleule huwa na mstari wa kuvuka magotini, hafifu, ambao ukiuona mara moja utauona kila mahali.

Tahadhari moja kuhusu mitumba. Suruali iliyofika katika robota inaweza kuwa na maisha mawili, ya huko na ya huku, na mara nyingi ina ya tatu ambayo ni ya uongo: imepaushwa kiwandani. Viwanda hutumia mawe mepesi ya volkano, vimeng'enya vya selulasi, dawa ya pamanganeti ya potasiamu inayopulizwa, na siku hizi miale ya leza. Mwanafunzi akiinakili suruali hiyo ananakili kazi ya mchakazaji mwenzake. Itambue kwa ulinganifu wake. Mikunjo myeupe ya kinena ikiwa sawa kulia na kushoto, kama mtu na kioo chake, hakuna mwili uliofanya hivyo. Angalia pia kama fundi wa hapa aliukata upindo na kuushona upya: zile alama za msokoto zilizokuwa kwenye upindo wa kwanza zitakuwa zimekwenda na kipande kilichokatwa, na upindo mpya utakuwa bapa chini ya mguu uliopauka. Kwangu hiyo ni moja ya alama nzuri kuliko zote, kwa kuwa inaonyesha nguo ilivyobadili mwenyewe.

Kuhusu mikono, nitasema kwa ufupi zaidi, maana njia hujifunzwa kwa kufanya. Mvalishe sanamu suruali iliyolowa wanga mwepesi wa muhogo uliopikwa, ule unaotuama chini ya chombo. Mkunje magoti, mkalishe, umpigishe goti, kadiri ya kazi yake, ikaukie hapohapo. Wanga utashika mikunjo, na vilima vitabaki juu vikikusubiri. Sugua vilima hivyo tu, kwa msasa laini sana, namba 600 na kuendelea. Vua, fua kwa sabuni, anika, uvalishe tena. Kuvaa, kusugua, kufua: fuata utaratibu wa maisha na nguo itakutii. Anayetaka kumaliza kwa jioni moja hupata weupe usio na kina, kwa sababu uchakavu wa kweli umelundikwa tabaka juu ya tabaka, alama changa juu ya alama kuukuu.

Maji ya Javel, ambayo wenzetu wa Kenya na Tanzania huyaita jiki, yana kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani. Hayaondoi nili kama msuguano unavyofanya. Huigeuza kikemia, na kinachopatikana kina umanjano. Ukiona jinzi ya sanamu yenye mapaja ya rangi ya maziwa yaliyochacha, ujue dawa ilitumika palipotakiwa msasa. Yatumie yakiwa yamezimuliwa sana, kwa ncha ya brashi, kwa jambo ambalo lina Javel katika maisha halisi: matone ya ndoo ya kufulia. Dawa hiyo hula pia pamba, na uzi wa nguo ndogo hauna unene wa kupoteza.

Vumbi la hapa, jekundu kwa oksidi ya chuma, ni rangi nzuri na haififii. Lakini likumbuke kipimo. Chembe ya mchanga ya nusu milimita, kwenye mguu wa sanamu, ni kokoto ya milimita 3, na hakuna mtu anayetembea na kokoto zimemganda. Lipepete kwa soksi nyembamba ya nailoni, ulikaange kidogo kuua ukungu, kisha ulipake penye upindo na magotini, kwa uchache. Grisi usiitumie ya kweli, maana mafuta husambaa na kufika kwenye mwili wa plastiki. Rangi ya mafuta ya wachoraji iliyozimuliwa inatosha. Na kabla ya yote haya, kabla hata hujamvalisha sanamu, fua hadi maji yatoke meupe. Nili iliyolegea huhamia kwenye plastiki laini na haitoki. Wakusanyaji wengi wamepoteza miguu ya sanamu zao hivyo.

Wanaotoka upande wa vifaru watakuambia kwamba kitu kidogo lazima kipakwe rangi iliyopauka kuliko halisi, kwa sababu tunakitazama kana kwamba kiko mbali. Kuna ukweli ndani yake kwa mandhari ya milima na meli. Kwa sanamu inayoshikwa mkononi naona wamezidisha. Buluu ya ndani ya mkunjo iachwe na uzito wake.

Jilinde mwenyewe. Nchini Uturuki wafanyakazi wa viwanda vya jinzi waliopausha suruali kwa kupuliza mchanga waliugua silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba, wengi wao wakiwa vijana, na serikali ikapiga marufuku kazi hiyo mwaka 2009. Watu walikufa ili suruali za wengine zionekane zimefanya kazi. Kwenye meza yako hatari ni ndogo kuliko ile, ila ni ya aina moja: funika pua, usipulize vumbi kwa mdomo. Na usichanganye maji ya Javel na siki wala ndimu, hata kama umesikia siki huzima nguvu yake. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini. Cha kuizima ni thaiosalfeti ya sodiamu, ile iliyotumiwa na wapiga picha wa zamani, baada ya kusuuza kwa maji mengi.

Nijibu sasa swali ambalo watu wa hapa huuliza, na wana haki ya kuuliza. Katika Kongo, nchi ya Sape, wale wapenda mavazi maridadi, na ya mwanamuziki Papa Wemba, heshima ya mtu ni nguo safi iliyonyooka. Kwa nini kukaa siku nzima kuchafua suruali ambayo maskini angejitahidi kuisafisha? Nami najibu kwamba ipo sanaa ya kuchakaza inayoudhi kweli: ile inayomvalisha sanamu matambara ili amtazamaye asisimke. Inajulikana kwa jambo moja, kwamba haina matengenezo. Matundu ni mengi, viraka hakuna. Nguo ya mtu mwenye kazi na mwenye watu wake nyumbani ina kiraka kilichokatwa mraba, kingo zimekunjwa ndani. Ina goti lililozibwa na fundi kwa cherehani, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kwa uzi wa rangi iliyokuwapo siku hiyo. Ina kifungo ambacho si ndugu wa vifungo vingine. Na ina ule mstari wa pasi. Weka matengenezo yote hayo na sanamu yako itakuwa na heshima yake. Yaache, na hata msasa wako uwe hodari namna gani, umeandika nusu ya maisha ya mtu, tena nusu mbaya.

Waluba wamekuwa na mazoea ya muda mrefu ya kuweka kumbukumbu katika vitu vidogo vinavyoshikika. Lukasa, ubao wa shanga na michoro ambao watu wa chama cha Mbudye waliusoma kwa kupitisha vidole, hutosha mkononi, na juu yake husomwa habari za wafalme na safari. Wasomi Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts waliueleza kwa kirefu katika maonyesho yao ya New York mwaka 1996. Mbao za zamani zimelainika na kung'aa palipopita vidole, na hakuna mwenye akili anayetaka zipigwe msasa zirudi upya. Sisemi suruali ya fundi wa reli ni lukasa. Nasema kwamba anayetoka mahali ambapo mguso wa mkono huhesabiwa kuwa sehemu ya thamani ya kitu hataanza elimu hii akiwa mtupu.

Kwa hiyo ninakuomba jambo moja kabla hujanunua sanamu wala kitambaa. Tafuta suruali moja ya jinzi iliyochakaa kwa kazi, ya jirani, ya mjomba, ya fundi wa mtaani kwenu. Omba ruhusa kwa adabu, na ueleze unataka kufanya nini. Itandaze, ichore mbele na nyuma, na kando ya kila alama uandike chanzo chake kama mwenyewe anavyokieleza: hapa napiga goti, hapa naweka simu, hapa mke wangu alishona mwaka wa mafuriko. Mlipe kwa muda wake. Ukiwa na mchoro huo, unaweza kuanza.